Sungura wa Antida

Hapa Dingli, kijiji chetu cha Malta, watu wanasema mimi, Filomena, nina wivu. Wanasema kweli, na sijawahi kukana. Mwanamke asiyemwonea mumewe wivu ama hampendi ama hana macho. Mimi macho ninayo, na nyumba yangu ina dirisha linalotazama barabara yote mpaka kanisani.

Kupitia dirisha hilo ndipo nilipomwona Antida akirudi. Alishuka kwenye teksi na masanduku yake ya Australia, amevaa gauni jeusi la ujane lililomkaa vizuri kuliko gauni langu la harusi lilivyonikaa mimi. Alikuwa ameishi Melbourne miaka thelathini. Angekaa mingine thelathini, nani angemzuia? Lakini mumewe alikufa, watoto wakaenda na maisha yao, na ng'ombe akivunjika mguu malishoni hukimbilia zizini. Zizi lenyewe ni nyumba ya marehemu wazazi wake, iliyopakana ukuta kwa ukuta na nyumba ya baba mkwe wangu, mzee Nenu.

Kijiji kizima kinalijua hili, basi na wewe ulijue: kabla yangu, Antida alikuwa mchumba wa Wistin, mume wangu. Pete ilikuwa imeshavishwa. Baba yake akapata kazi ng'ambo, meli ikamchukua binti na pete yake, na Wistin akabaki amenuna mpaka nilipomchekesha mimi kwenye harusi ya binamu yangu. Nilimpata kwa haki. Sikumwibia mtu.

Nilipomwambia kwamba Antida amerudi, Wistin alisema, "Ahaa," akaendelea kunywa supu yake. Hiyo "ahaa" niliitafuna wiki nzima.

Haukupita muda Antida akajenga vizimba juu ya paa na kuanza kufuga sungura. Hilo peke yake si ajabu. Huku kwetu asiyefuga sungura yeye, basi mama yake alifuga. Kilichonikera ni kwamba kila Jumapili mume wangu alipokwenda kumsalimia baba yake, alipanda paa la jirani kumsaidia "kufunga waya." Waya gani usioisha? Ungeweza kuizungushia Malta nzima waya ule.

"Sungura wanatafuna," Wistin aliniambia.

"Na wewe unatafunwa," nikamjibu.

Akacheka. Yeye hucheka nikiwa na hasira, na nikizidi kukasirika ndipo hucheka zaidi.

Haya yote ningeyavumilia. Kilichonivunja ni habari ya sufuria.

Kila mwaka, sikukuu ya Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo, ile tunayoiita Imnarja, familia yetu huenda msitu wa Buskett kula sungura chini ya miti pamoja na kisiwa kizima. Zamani bwana harusi aliandikishwa kwenye mkataba wa ndoa kwamba atampeleka mkewe Imnarja kila mwaka. Bibi yangu aliandikiwa. Mimi sikuandikiwa, lakini Wistin aliniahidi kwa mdomo, na mimi nikamwahidi sungura. Yeye ananipeleka, mimi napika. Tumegombana kwa mengi katika ndoa hii, ila hilo halijavunjika hata mwaka mmoja. Sufuria ya Imnarja ni yangu tangu nilipoingia familia hii, kwa kuwa mama mkwe alikuwa amekwisha kufariki na wifi yangu Lora hata maji humuungulia.

Na kupika najua. Sungura wangu hulala usiku kucha kwenye mvinyo mwekundu, vitunguu saumu na majani makavu ya kunukia. Asubuhi namkausha kwa kitambaa, namkaanga kwa mafuta ya nguruwe mpaka nje inakuwa rangi ya kahawia, kisha vitunguu, nyanya ya kopo, ule mvinyo aliolalia, moto mdogo, njegere mwishoni. Mchuzi wa kwanza tunakula na tambi, nyama yenyewe inafuata na viazi. Siri yangu ni mafuta ya nguruwe. Nyama ya sungura ni kavu kwa asili yake, haina mafuta ya maana. Usipomwongezea, unakula kamba.

Sasa mwaka huu, baada ya Pasaka, mzee Nenu akaanguka sokoni. Moyo. Akalazwa, akatoka, akaja nyumbani kwangu kula chakula cha mchana akiwa na uso wa mtu aliyebeba ujumbe asioupenda.

"Binti yangu," akasema, akisogeza sahani, "daktari amenipiga marufuku soseji, jibini ya chumvi na nguruwe. Amesema sungura ni ruhusa. Tena amemsifu! Ati ni nyama nyepesi, inajenga mwili na haichoshi moyo."

"Basi Mungu ni mwema, baba. Utakula sungura mpaka ulie kama yeye."

"Sungura halii, wifi," akasema Lora, ambaye hajawahi kukaa kimya wakati wa kukaa kimya.

"Ila daktari ameuliza anapikwa kwa mafuta gani," mzee akaendelea. "Nikamwambia. Akashika kichwa. Akasema, sungura hana kosa, kosa liko kwenye kikaango."

Nikajua hapo hapo.

"Antida hutumia mafuta ya zeituni, tena kijiko kimoja," mzee akasema akiitazama meza. "Kwa hiyo mwaka huu, binti yangu, wewe pumzika. Sungura wa Imnarja atapika yeye."

"Kwani mimi nimechoka?"

"Wewe hujachoka. Moyo wangu ndio umechoka."

"Nami naweza kutumia zeituni! Kwani zeituni zinaota kwake peke yake?"

"Mwaka jana tulikuomba upunguze chumvi," Lora akasema, "ukaweka nyingine mbele ya macho yetu. Usinune, wifi. Utakula cha bure mara moja maishani mwako."

Nikamgeukia mume wangu. "Na wewe? Una mdomo?"

Wistin akavunja mkate. "Mimi nitakula chochote, Mena."

"Hiyo ndiyo shida yako," nikamwambia, nikaondoa sahani yake kabla hajamaliza.

Roho iliniuma, sitaficha. Mume nilikuwa nimeshamgawa Jumapili kwa Jumapili na waya wake. Sasa na sufuria? Mwanamke akikuondoa jikoni, kitanda ni hatua chache tu kutoka hapo. Wanawake wote wanalijua hilo, ni vile tu hawalisemi.

Siku mbili kabla ya Imnarja nilikutana na Lora buchani. Mwenye bucha alikuwa amewapanga sungura wake kama wanavyopangwa katika bucha zote za huku: wamechunwa, wamelazwa mgongo, na vichwa vyao vyote vipo. Mgeni huona vibaya. Sisi hatununui sungura asiye na kichwa, kwa sababu paka akichunwa na kukatwa kichwa hata mama yake hamtambui, na wakati wa vita, kisiwa kilipozingirwa na watu wakala vya kuliwa na visivyoliwa, kuna waliouziwa paka wakalamba vidole. Mama yangu aliuziwa. Ndiyo maana alinifundisha: kichwa ukione kwa macho yako, halafu ukikate uwatupie paka wa mtaani, iwe fidia ya mwenzao aliyeliwa. Hivyo ndivyo nilivyofanya maisha yangu yote.

"Yule paka wa Antida, yule mnene wa rangi ya chungwa," Lora akasema huku akichagua maini, "umemwona siku hizi?"

"Hapana."

"Hata mimi. Na sufuria ya Imnarja ni kubwa." Akaangua kicheko, akalipa, akaenda zake.

Lora alitania. Lakini mzaha wa wifi ni mbegu, na mimi udongo wangu ulikuwa umeshalimwa. Mchana huo huo nikachukua chupa ya mvinyo, nikaenda kwa Antida kujifanya nachangia sikukuu.

"Karibu, dada Filomena," akasema mlangoni, amefunga aproni safi. Nani hufunga aproni safi siku ya kuchinja? "Jua hili! Ingia upoe."

"Nimeshapoa, asante. Nimeleta mvinyo."

"Ungeniambia nisingenunua. Jikoni ni huku."

Kana kwamba sijui jikoni liko wapi. Nyumba zote za mtaa ule zimejengwa na fundi mmoja.

Juu ya meza kulikuwa na bakuli kubwa la udongo, nyama imezama kwenye mvinyo na vitunguu saumu vilivyopondwa. Aliwachinja mwenyewe asubuhi, akasema, sungura wawili. Nikainama kama mtu anayenusa viungo. Nikaona mapaja, migongo, mbavu, miguu ya mbele. Kukata anajua, nikakiri moyoni, na kukiri kulinichoma.

"Unawaloweka mapema hivi?" nikauliza.

"Usiku mmoja hautoshi kama huweki mafuta. Nawapa siku mbili. Halafu nafunika sufuria kabisa, moto wa mshumaa, saa tatu bila kuchungulia. Unyevu wake mwenyewe unamtosha. Ukimharakisha ndipo anakuwa mkavu, ndipo watu wanalazimika kutia mafuta ya nguruwe." Akatulia. "Wanaopenda, lakini. Kila mtu na mkono wake."

"Wistin anapenda mafuta ya nguruwe."

"Ndiyo," akasema Antida taratibu. "Najua Wistin anapenda nini."

Alisema hivyo bila kunitazama, akifunika bakuli kwa kitambaa. Angenitazama ningemjibu. Nilibaki nimeshika chupa yangu kama mtu aliyekuja kukopa.

"Na paka wako?" nikauliza mlangoni.

"Yupo, yupo. Paka hujificha wakipenda."

Nikatoka. Nilikuwa nimefika nusu ya mtaa nilipogundua nilichokuwa nimekiona, au tuseme nisichokuwa nimekiona. Kwenye bakuli lile hapakuwa na vichwa. Kwenye meza hapakuwa na vichwa. Kwenye ndoo ya taka, niliyoipita karibu kabisa na kuichungulia kama mtu mwenye akili timamu, kulikuwa na maganda ya vitunguu tu.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Wistin akaniuliza nini kimenifurahisha. Nikamwambia, sikukuu.

Siku ya Imnarja Buskett ilijaa mpaka hakuna pa kutema mate. Moshi, akordioni, watoto wanapiga makelele, wanaume wanabishana kuhusu punda yupi atashinda mashindano ya alasiri. Tuliweka meza yetu ileile ya kukunja chini ya msonobari uleule, na jirani zetu wa Dingli walikuwa meza zilizotuzunguka, karibu kiasi cha kugongana viwiko. Mzee Nenu aliketi kichwani pa meza amevaa tai. Lora na mumewe upande mmoja, mimi upande wa pili, na Wistin akajibanza pembeni kabisa mwishoni, karibu na sufuria, ati apate kivuli. Kivuli kilikuwa kila mahali. Antida alisimama akipakua kwa mkono wa mwenye nyumba.

Tambi kwanza. Nilizungusha uma nikijiandaa kutokufurahi. Mchuzi ulikuwa mzito, una utamu wa kitunguu kilichoiva polepole, na ule ukali wa mvinyo ulikuwa umelala usingizi. Nilikula sahani nzima. Nilijichukia kwa kila uma, lakini nilikula.

"Eh, Antida!" mzee Nenu akasema, machozi yakimlenga. "Nilidhani bila mafuta nitakula adhabu. Hii ni ladha ya jikoni kwa marehemu mke wangu."

"Ndiye aliyenifundisha, mzee," Antida akasema.

Sikulijua hilo. Mama mkwe wangu mimi namjua kwa picha ya ukutani. Huyu alisimama naye jikoni, akafundishwa mkono kwa mkono, halafu akapanda meli na elimu ile akaenda nayo Melbourne, na mimi nikaachiwa ukuta na picha. Kama wivu una chumvi, mdomo wangu wote ulijaa chumvi.

Ikaja nyama. Paja kwa mzee, na ini juu yake. Paja kwa mume wa Lora. Mgongo kwa Lora. Mgongo kwangu, kipande kizuri kabisa, laini mpaka kilijitenga na mfupa nilipokigusa. Ningependa kusema kilikuwa kikavu. Sufuria ikapungua, ikapungua, nami nikawa nainuka kidogo kidogo kuchungulia ndani. Njegere. Mifupa. Kijiko. Basi.

Nikaweka uma chini.

"Antida," nikasema, na sauti yangu wala sikuipunguza, "vichwa viko wapi?"

Meza yetu yote ikanigeukia. Meza ya pili nayo ikageuka, maana kwetu swali hilo lina maana moja tu.

"Mena," Wistin akasema kwa sauti ya chini.

"Nauliza tu. Sungura wawili wana vichwa viwili. Buchani hatukukuona. Umechinja peke yako, umepika peke yako. Bakuli lako nililiona, halikuwa na kichwa. Sufuria naiona, haina kichwa. Na paka wako hatujamwona tangu wiki iliyopita." Nikasimama. "Huko Australia sijui mnakula nini. Hapa tumelelewa kuuliza."

Mtu nyuma yangu akasema, "Yesu na Maria!" Mume wa Lora alisukuma sahani yake kwa kidole kimoja. Lora, aliyeipanda mbegu mwenyewe, akaziba mdomo na kutikisika, sijui kwa hofu au kwa kicheko.

"Mimi wakati wa vita nilimla mwenye mkia mrefu," mzee Nenu akasema, bado anatafuna, "na huyu siye. Kaa chini, binti yangu."

"Sikai. Aseme."

Antida alikuwa ameshika upawa. Uso wake ulibadilika, nilidhani kwa aibu, nikafurahi. Lakini hakunitazama mimi. Alimtazama Wistin, na mtazamo ule ulikuwa kama wa mtu anayeomba ruhusa.

"Paka amezaa," akasema. "Yuko kabatini kwangu na watoto wanne, njoo uchague mmoja. Na vichwa..."

"Acha, Antida," Wistin akasema.

"Vichwa nini?" nikapiga kelele.

Wistin alikuwa ameegemea meza kwa mkono, na mkono ule ulikuwa umezunguka sahani yake kama mtoto wa shule anayeficha asinakiliwe. Juu ya sahani kulikuwa na kipande kikubwa cha mkate. Nikafika pale kabla hajafikiri, nikainua mkate.

Vilikuwa viwili. Vilikuwa vimepasuliwa katikati kwa ustadi, vimekaangwa na kitunguu saumu peke yao, mbali na sufuria, na mashavu yalikuwa yameshafyonzwa yakawa meupe kabisa. Wistin alikuwa amefika kwenye ulimi wa cha pili. Midomo yake iling'aa.

"Nilivipika kando," Antida akasema. Hakuwa na ushindi katika sauti, na afadhali angekuwa nao. "Mama yake alimfanyia hivyo kila sikukuu. Vichwa vilikuwa vyake siku zote. Nilidhani unajua. Nilidhani na wewe humfanyia."

Hapo watu wakacheka. Meza ya pili ikacheka, na ya tatu, maana habari ilikuwa imeshafika huko. Si kwa ubaya. Walicheka kwa faraja ya watu wanaojua hawajala paka. Mzee mmoja wa jirani akampigia Wistin makofi. Mume wa Lora akavuta sahani yake akarudi kazini. Mimi nilibaki nimeshika mkate.

Miaka ishirini na sita nimekata vichwa vya sungura jikoni kwangu, na miaka ishirini na sita nimevitupa dirishani, naye ameketi mezani nyuma yangu akinitazama.

Nikaweka mkate mahali pake, nikachukua mkoba wangu, nikaondoka.

Sikulia. Ninataka hilo lijulikane, kwa kuwa Lora anasambaza kwamba nililia. Nilitembea katikati ya moshi na akordioni, nikatokea kwenye barabara ya kupandia Dingli, jua la mchana likinichoma utosini. Nilisikia viatu vya Wistin nyuma yangu kabla sijafika kwenye kona. Alikuwa ameshika kikapu chetu, mtu wa kuokoa kikapu hata nyumba ikiungua.

"Mashindano ya punda hayajaanza," akasema.

"Rudi ukayaone. Una wa kukaa naye."

"Nilikuahidi kukuleta Imnarja na kukurudisha. Sijaahidi kuleta tu."

Tukatembea. Akanyoosha mkono kunishika kiwiko, nikauondoa.

"Umemwambia?" nikauliza. "Ulipanda paani ukamwambia, Antida, mke wangu hanipi vichwa?"

"Sikumwambia kitu. Alikumbuka. Waliopika jikoni kwa mama wote wanakumbuka."

"Na mimi sikupika jikoni kwa mama yako. Alikufa! Hilo ni kosa langu? Kwa nini hukuniambia? Mdomo unao. Ulishindwa kusema, Mena, hicho usitupe?"

"Nilisema."

Nikasimama. "Lini?"

"Imnarja yetu ya kwanza. Ulikuwa na lile gauni la harusi, ulilivaa Buskett kama desturi ya maharusi wapya, ukifunga aproni juu yake. Nikakwambia, niwekee kichwa. Ukasema..." Akasita. Alikuwa anatafuta namna ya kunisitiri, nikaona, na hilo lilinitisha kuliko kicheko chake chote. "Ukasema, mwanaume mzima unafyonza fuvu kama mbwa wa bandarini? Dada zako wakacheka. Nami nikacheka."

"Sikumbuki."

"Najua hukumbuki."

"Nilikuwa natania!"

"Najua, Mena. Hata wakati ule nilijua." Akabadilisha kikapu mkono. "Sikutaka tu kuomba mara ya pili."

Nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka gauni, nilikumbuka aproni, nilikumbuka dada zangu na jinsi nilivyojisikia malkia wa msitu mzima kwa sababu walikuwa wanacheka nilichosema. Nilichosema chenyewe sikukiona popote. Na nikaelewa, nikiwa nimesimama pale katikati ya barabara, kwamba nimetumia mwaka mzima kumchungulia Antida dirishani nijue anampa nini mume wangu. Hakuwa anampa kitu. Alikuwa anajua tu, kama mtu anavyojua bei ya mkate. Na kile alichokijua, mimi niliambiwa kwa mdomo wa Wistin mwenyewe.

Bado nina wivu naye. Mtu asidhani nimetakasika. Nikimwona kesho na aproni yake safi roho itaniuma vilevile. Lakini wivu una swali lake, na pale barabarani swali lilinigeuka mdomoni. Nilitaka kumuuliza, nini kingine anachokijua yeye? Nikasikia nauliza jingine.

"Wistin. Kuna nini kingine ulichoomba mara moja tu?"

Angesema "hakuna" papo hapo, tungeendelea kutembea. Ningemgombeza kidogo, angecheka, tungefika nyumbani.

Wistin akaweka kikapu chini. Akautafuta ukuta wa mawe wa shamba la mtu, akaketi, akavua kofia akaiweka magotini. Kisha akajisogeza kunipa nafasi nami niketi.